Mwaka Ukurasa Ulipogoma Kufunguka

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti ambacho si changu. Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Upendo, mtoto wa dada Aika, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini Moshi, na mshereheshaji alipoita "mama wa bibi harusi" nikasimama mimi. Nilikuwa nimevaa kitenge cha sare na shangazi zake, kilemba kimekazwa na fundi mpaka kichwa kinagonga, nikapita katikati ya meza watu wakipiga vigelegele, nikaenda kukaa pale mbele kwenye maua. Watu wa upande wa bwana harusi hawakujua. Mmoja akaniinamia akanong'ona, "Hongera mama, umelea." Nikamwambia ahsante. Ningemwambia nini? Kwamba aliyelea amelala chini ya migomba kule juu, na kwamba mimi ni mtu tu aliyekuwa anakaa naye meza moja ofisini? Upendo mwenyewe ndiye aliyenipigia simu: "Mama mdogo, hicho kiti sitaki kibaki wazi." Basi nikaenda. Nikacheka, nikacheza, nikalishwa keki. Nilipofika nyumbani nikavua kilemba, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia mpaka mume wangu akaja kusimama mlangoni.

Mwaka ule wa mwisho wa dada Aika sijawahi kumsimulia mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huwa natoa vipande, hasa vile vya kuchekesha. Wanaonijua wanajua kwamba kazi ya kompyuta nilifundishwa na dada Aika, na kwamba dada Aika alikufa kwa saratani ya titi. Wasichojua ni kwamba mimi na yeye tulikuwa na ahadi. Watu walidhani nahangaika kutengeneza mfumo wa wakulima. Mfumo wa wakulima ulikuwa na faida gani kwangu? Mimi nilikuwa nataka kumpeleka mwanamke mmoja hospitali, na njia pekee aliyoniachia ilipita ndani ya ule mfumo.

Ofisi yetu ilikuwa Njoro, vyumba viwili nyuma ya saluni ya kike. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, kwa hiyo tulifanya kazi huku tunasikia nani kaachwa, nani kaolewa, nani kafumaniwa, na draya ikinguruma juu ya yote hayo. Chumba cha mbele alikaa bosi, kaka Elia, na simu zake. Chumba cha nyuma tulikaa sisi wawili: meza moja ndefu, kompyuta mbili, feni yenye panga moja lililopinda, na chupa ya chai ambayo dada Aika alikuja nayo kutoka kwake kila asubuhi, chai ya tangawizi, maana ya mamantilie wa kona alisema ni maji ya kuoshea vikombe. Jina lake kamili lilikuwa Aikaruwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwanya, aliyevua viatu akiingia tu na kuvisukuma chini ya meza kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi, najiona najua. Wiki ya kwanza nilimwambia kitu fulani kwenye mfumo "nahisi" kina tatizo. Akaniangalia juu ya miwani. "Unahisi? Kwani ni mimba? Usihisi, Ndeshi. Pima." Ndiyo ilikuwa dini yake. Kama hujapima, nyamaza.

Mfumo wenyewe aliuandika yeye kabla sijaja. Ulikuwa wa shirika moja la wakulima lililohudumia watu wa juu mlimani, wenye kahawa, migomba na ng'ombe wa ndani, na watu wa chini, wa Mabogini na Chekereni, wenye mpunga. Bwana shamba akifika kwa mkulima anaandika jina kwenye kishikwambi chake, unafunguka ukurasa wenye habari zote za yule mkulima: shamba lake, mifugo yake, miche aliyopewa, dawa aliyopuliza. Bila ule ukurasa bwana shamba hatoi mche wala dawa. Sasa mwaka ule ukurasa ukaanza kugoma. Unaandika jina, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, unaweza kumimina chai, ukaipuliza, ukainywa nusu, bado kinazunguka. Wakati mwingine unafunguka. Wakati mwingine unakata tamaa kabla yako. Mabwana shamba walipiga simu mpaka kaka Elia akaacha kupokea, na shirika likaleta neno kwamba msimu wa kahawa ukiisha mambo yakiwa bado hivyo, kazi inapelekwa kwa kampuni moja ya Dar. Kaka Elia alitembea kati ya vyumba viwili kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Ni mtandao tu, jamani," alisema. "Kule mlimani mtandao ni mbaya." Na kila mtu akasema hivyo hivyo, ni mtandao. Hapa kwetu kitu chochote kisipofunguka ni mtandao.

Ilikuwa masika, mvua inapiga bati, na saluni walikuwa wamefunga mapema kwa kukosa umeme. Dada Aika akainuka akafunga mlango. Akaja akasimama mbele yangu, akaushika mkono wangu wa kulia akauingiza chini ya sweta lake, upande wa kushoto. "Shika hapo." Nikashika. Kilikuwa kigumu, hakisogei, kikubwa kama kokwa la parachichi dogo. Nikautoa mkono haraka kama nimeungua. "Tangu lini, dada?" Akasema tangu Krismasi. Nikaanza kupiga kelele, nikamwambia twende sasa hivi, hospitali kubwa iko pale, kwa bodaboda tunafika chai haijapoa. Akaniwekea kiganja mdomoni. Alisema hawezi kwenda kulazwa akaacha kazi yake inakufa mikononi mwa watu. Akilala wiki mbili tu Elia atawapa watu wa Dar kila kitu, na jina lake litabaki la mwanamke aliyetengeneza kitu kibovu. "Tukimaliza huu ukurasa. Siku unafunguka vizuri, kesho yake asubuhi twende, mimi na wewe." Nikamwambia aape. Akaapa. "Na mtu asijue, Ndeshi. Hata Upendo." Upendo alikuwa shule ya bweni. Nikakubali. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu mkubwa akiapa ameapa.

Jamani, nilifanya kazi. Sijawahi kufanya kazi vile tena maishani mwangu na sitafanya. Kaka Elia alidhani nataka kupandishwa cheo. Tulianza na mtandao wake aliousingizia: tukabadilisha laini za simu kwenye vishikwambi vyote, tukajaribu kampuni hii na ile, hakuna kitu. Tukahamia kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya kukodi inayotunza mfumo. Tukaizima na kuiwasha, tukaiongezea nguvu. Ikachangamka siku chache, mabwana shamba wakaandikisha wakulima wengine wapya, ikarudi pale pale. Kila jambo likishindikana nilimtazama dada Aika ubavuni, naye anavuta sweta. Yeye alinifundisha kwa utulivu kabisa, kana kwamba hatukuwa na jambo jingine duniani. Ukurasa ukichelewa, alisema, usilaumu ukurasa. Gawa safari yake. Kuna kutoka kwenye kishikwambi hadi seva, hiyo ni barabara. Kuna seva kwenda ghalani, yaani kwenye kanzidata yenyewe, kuchukua habari. Kuna kuzipanga habari ziwe ukurasa. Weka saa kila kituo, uone muda unalala wapi. Huku saluni kuna sauti inasema, "Huyo mwenzangu alikuwa mzima kabisa, anatembea, anakula. Wakampasua titi. Kisu kikishagusa tu, kinasambaa, mwezi haukuisha tukamzika." Na nyingine inaitikia, "Ndiyo hivyo, ukishakatwa umekwisha." Dada Aika hakuinua kichwa. Nilipiga ukuta kwa kiganja nikapayuka, "Acheni uongo nyie!" Wakacheka, wakadhani natania.

Tukaweka saa. Barabara ilikuwa salama, na kupanga ukurasa kulikuwa kwa kufumba na kufumbua. Muda wote ulikuwa unalala ghalani, kwenye kanzidata. Nikaruka juu kwa furaha. Na kulikuwa na jambo jingine, la ajabu zaidi, nililoligundua mimi mwenyewe na nikajisikia mkubwa: tukiwa pale pale Njoro, kwenye kompyuta ile ile, waya ule ule, nikiandika jina la mkulima wa Chekereni ukurasa unafunguka kabla sijatoa kidole. Nikiandika wa Kibosho, kule juu, kiduara. Mabogini, chapu. Kibosho, kiduara. Kwa hiyo hata hao wanaosema mlimani mtandao mbaya walikuwa wanasema uongo bila kujua, maana sisi hatukuwa mlimani na bado ulichelewa. "Dada, ona! Ona hii!" Akaja akasimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Nikarudia mara tatu, nne. Aliuondoa mkono begani kwangu. Kisha akarudi kwenye kiti chake polepole akasema, "Labda ni picha."

Labda! Dada Aika, mwenye dini ya kupima, kasema labda. Nililisikia lile neno na nikaliacha lipite, nikadhani amechoka. Alisema mashamba ya juu yana vitu vingi, kahawa, migomba, ng'ombe, mbuzi, miti, na mabwana shamba wamepiga picha kila mbuni, tuzipunguze. Nikataka tuiambie kanzidata iandike kila swali inaloulizwa, tusome wenyewe. Akakataa, akasema maandishi yatajaza diski na mfumo utalala kabisa, tutafukuzwa kabla ya msimu. Sehemu ile ya ndani aliijua yeye, mimi nilikuwa mtu wa kurasa za mbele. Basi nikapunguza picha. Niliingia kwenye picha za mibuni na ng'ombe kuanzia mwisho wa masika mpaka baridi ilipoanza kushuka kutoka juu, na ukurasa haukusogea hata unywele.

Katika muda ule yeye alianza kupungua. Zamani mchana tulikula kwa mamantilie wa kona, wali wa Mabogini na maharage, au kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, siku ya Ijumaa, na dada Aika alikuwa na kijiko chake mwenyewe kwenye mkoba kwa sababu hakuamini vijiko vya watu. Sasa akawa anakuja na mtori wa ndizi kwenye chupa ya kuhifadhia joto, mtori mwepesi kama wa mzazi, anakunywa robo ananisukumia mimi. "Kula wewe, unakua." Mkono wa kushoto ukavimba, akauweka mapajani, akawa anabonyeza herufi kwa mkono mmoja. Nilimgombeza. Nilimwita mjinga, mimi, mtoto wa juzi, nikamwita mjinga mtu aliyenifundisha kazi, na yeye akacheka ule mwanya ukaonekana. "Pima kwanza ndiyo uniite mjinga." Nikikasirika sana alisema, "Tukimaliza ukurasa, mdogo wangu. Si nimeapa?" Nikarudi kwenye picha za ng'ombe nikiwa sioni vizuri kwa machozi. Nilimpenda yule mwanamke. Sikuwahi kumwambia hivyo, kwetu mambo hayo hayasemwi, unamwosha mtu kikombe chake tu basi.

Hatimaye mimi ndiye niliyelazimisha tupande Kibosho, tukamwone bwana shamba anavyotumia kile kishikwambi. Yeye hakutaka. Nikamrudishia maneno yake mwenyewe: "Si ulisema mgonjwa hapimwi kwa simu?" Akaniangalia sana. "Na wewe mwenyewe je?" nikamwuliza. Akachukua sweta lake, tukaenda. Gari la shirika lilituacha kwenye njia panda ya kanisa, bwana shamba akawa hapatikani kwenye simu, tukaamua kwenda wenyewe kwa mkulima aliyekuwa amtembelee siku ile, tukashika njia ya miguu katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani, migomba huku na huku, mfereji unaimba pembeni. Dada Aika alipanda kwa kusimama simama. Tukakutana na mama mmoja ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mnamtafuta nani?"

"Tunaenda kwa mzee Massawe."

Yule mama alicheka mpaka akalazimika kutua mzigo. "Massawe yupi? Huyu hapa ng'ambo Massawe, yule pale juu Massawe, mimi nimeolewa na Massawe. Hata ng'ombe wa huku ni Massawe! Sema jina lake. Mtoto wa nani? Anakaa juu ya mfereji au chini?"

"Aloyce," nikasema, "wa mzee Benedikti. Chini ya mfereji."

"Sasa hapo ndipo umetaja mtu. Shukeni na hicho kinjia, mtaona geti la bluu."

Akajitwika mzigo wake akaondoka. Nilibaki nimesimama pale pale njiani, mdomo wazi. Massawe yupi! Mimi ni Mchagga, nimekulia katika hayo, na sikuwa nimeyaona. Sisi ukimwuliza mtu yeye ni nani, unaanza na ukoo. Ukishajua ukoo ndipo unauliza mengine. Na dada Aika alikuwa ameujenga mfumo kama tunavyoulizana nyumbani. Ukiandika Aloyce Massawe, mfumo uliwaita kwanza akina Massawe wote wa mlima mzima. Kisha, kwa kila mmoja wao, ulikwenda ghalani kumchukulia shamba lake, ukarudi, ukaenda tena kumchukulia ng'ombe wake, ukarudi, kama unavyomtuma mtoto dukani alete chumvi, akirudi unamtuma kiberiti, akirudi unamtuma sukari. Ukishawamaliza wote hao ndipo ulipoangalia Aloyce ni nani. Kule chini kwenye mpunga watu wametoka kila pembe, huyu Mpare, huyu Mkamba, huyu Msambaa, jina moja lina watu wachache, kwa hiyo safari zilikuwa chache. Juu, kijiji kizima ni jina moja. Na kila mkulima mpya aliyeandikishwa aliwachelewesha jamaa zake wote. "Dada!" nikapiga kelele, ndege wakaruka kwenye migomba. "Dada, ni ukoo! Tunatafuta kwa ukoo!" Nikageuka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe pembeni mwa mfereji, mkono mzima umeushika ule mbovu, ananitazama. Hakuruka. Hakucheka. Alisema, "Ndiyo, Ndeshi. Umepata." Nikadhani ni kile kilima kilichomchosha. Nikamkumbatia pale pale kwenye jiwe huku nacheka na kulia, nikamwambia keshokutwa tuko hospitali.

Tulirekebisha siku iliyofuata. Mimi nilibonyeza, yeye alikaa nyuma yangu akinitajia la kuandika: tutafute kwa kijiji, jina la mtu na jina la baba; tuitengenezee kanzidata faharasa ya hayo matatu, kama ile ya mwisho wa kitabu inayokupeleka moja kwa moja kwenye neno unalotaka; na habari zote za mkulima zije kwa safari moja. Alinitajia mistari yote bila kusita, kama mtu anayesoma. Nikaandika Aloyce, Benedikti, na kijiji chake. Ukafunguka. Nikaufunga nikaufungua tena. Kaka Elia alikuja akajaribu mwenyewe, akatoka nje akampigia simu kila mtu anayemjua, akatuletea soda na mishikaki. Dada Aika alikula mshikaki mmoja kwa ajili yangu.

Asubuhi yake nilifika na kanga mbili kwenye mkoba, chupa ya maji, na sabuni. Alikuwa ameshafika, viatu chini ya meza. "Tuuache wiki moja," akasema, "tuone kama utakaa." Wiki ikaisha, umekaa. Akasema mavuno ya kahawa yameanza, mabwana shamba watautumia sana, tusiondoke. Kisha wageni wa shirika wanakuja, ni nani atawaeleza? Kisha Upendo anafunga shule. Nikamwambia uliapa. Akasema nimeapa, sijakataa. Nilikuwa namwona anafungua na kufunga ule ukurasa siku nzima, chapu, chapu, chapu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungiwa ndani. Siku moja akataka kumimina chai, chupa ikamponyoka, ikapasukia sakafuni, na akashindwa kuinama kuokota. Hapo nikavunja siri. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Una saratani, dada! Unakufa na unaangalia ukurasa!" Saluni yote ikanyamaza, hata draya ikazimwa. Mlango ukafunguliwa. Mwenye saluni, mama mmoja mkubwa ambaye hatukuwahi kusema naye zaidi ya habari za asubuhi, aliingia na mikono yake ya rangi ya nywele, akapita juu ya vigae vya chupa, akamshika dada Aika upande wa pili. "Haya mama," akasema. "Tunakwenda." Naye akainuka. Hakubisha hata neno moja. Kumbe alikuwa anahitaji tu kuinuliwa.

Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Aliangalia zile picha za kifua muda mrefu kuliko nilivyopenda, akauliza kwa upole, bila kutulaumu, kwa nini tumechelewa. Dada Aika akavuta sweta lake. Ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Walimpa walichoweza kumpa, nao hawakumkata, maana hakukuwa tena na sababu ya kukata. Alikufa Desemba, wakati Wachagga wote wanarudi nyumbani. Magari ya Dar yamejaa barabarani, watu wanapanda na kreti za soda na mbuzi wa sikukuu, sisi tunapanda na jeneza. Pale msibani, tukimenya ndizi, mama mmoja alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Wenzake wakaguna kuitikia. Niliweka kisu chini nikaondoka, nikaenda kusimama nyuma ya banda la ng'ombe, kwa sababu ningekaa pale ningemtukana mtu mzima. Leo sina hasira na yule mama. Methali ni ya kweli. Lakini hakumjua aliyekuwa anamsema, hakujua ule mwanya, hakujua kwamba mwanamke aliyepima kila kitu alikuwa na kitu kimoja tu alichoogopa kukipima.

Yapo mazungumzo ambayo sijamsimulia hata Upendo. Sendofu ilipokwisha nilitaka kumwambia, nikamwona alivyopendeza, nikameza. Ilikuwa wodini, mchana, wiki chache kabla hajafa. Nilikuwa nimemletea mtori, nikawa namlisha kwa kile kijiko chake, na ili kumchangamsha nikamsimulia tena hadithi ya yule mama wa majani, Massawe yupi, hata ng'ombe ni Massawe. Alikuwa akiipenda. Safari hii hakucheka. Akausogeza mkono wangu na kijiko pembeni.

"Nilijua, Ndeshi."

"Ulijua nini, dada?"

"Ukurasa. Ile siku uliponionyesha Chekereni na Kibosho. Nilijua pale pale ni ukoo. Si mimi niliyeuandika?"

Sikuelewa. Kweli kabisa sikuelewa. Kichwani zilipita picha zote za mibuni na ng'ombe, miezi yote ile, masika mpaka baridi. Alikuwa amenifundisha kila kitu ninachokijua, na alikuwa ameniacha nihangaike gizani na picha za ng'ombe.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamwuliza. "Ungesema tungeutengeneza siku ile ile!"

Dada Aika aligeuza uso ukutani. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaenda sikioni.

"Ungenipeleka," akasema.

Ningempeleka. Mungu wangu, ningempeleka siku ile ile, hata kwa kumbeba mgongoni.